Mzee Aliyezikwa kwa Matusi

Paukwa!

— Pakawa!

Sikusikia. Mmekula ugali wa nani nyinyi, mbona sauti zimebaki kwenye sufuria? Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa chemchemi na kata yake!

Na kata ikawa ya nani?

— Ya mwenye kiu!

Haya, sasa mmeamka. Wewe Mwanshamba, ondoa mguu motoni, sitaki kunusa kisigino cha mtu kikiiva. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sisimami.

Hapo zamani za kale, bibi yake bibi yangu akiwa bado anatambaa, palikuwa na watu wa Mtama. Walilima mtama, walikula mtama, walikunywa mtama, na ukiwauliza habari za nyumbani wanakupa habari za mtama. Kijijini kwao palikuwa na chemchemi moja ya maji baridi, na juu ya jiwe la chemchemi ilikaa kata ya kibuyu, ya kuchotea. Ndani ya maji aliishi Chura. Chura huyo hakulima, hakupika, hakwenda barazani. Kazi yake kuimba tu. Mnipokee:

Kwaru, kwaru, maji hayana mwenyewe!

— Kwaru, kwaru, yana mnywaji!

Watu wa Mtama walimsikia kila siku, na kwa kuwa walimsikia kila siku, hakuna aliyemsikiliza.

Basi mwaka mmoja wakaja watu wa Chumvi. Walitoka mbali huko jua linakozama, kwenye ziwa la chumvi. Ziwa lao lilikauka, ng'ombe wakafa, nao wakabeba watoto mgongoni na mifuko ya chumvi kichwani, wakatembea. Walikuwa ukoo mmoja tu, watoto wa babu mmoja. Walipofika wakaomba mahali pa kujenga. Jumbe Mloka, mkubwa wa kijiji, akawaonyesha kichaka ng'ambo ya chemchemi.

Akasema, "Kaeni hapo tuwaangalie."

Kukaa, wakakaa. Na kuangaliwa, wakaangaliwa. Wakipita njiani, milango inafungwa. Watoto wao wakicheza, watoto wa hapa wanaitwa ndani. Wakitoa salamu, wanaoitikia ni mbwa. Ikawa hivyo masika yote.

Sasa katika watu wa Mtama alikuwako mama mmoja mjane, Bi Sikudhani. Mdomo wake! Salaale. Jumbe mwenyewe akimwona anakuja, ghafla anakumbuka amesahau kitu nyumbani. Mumewe alipokuwa hai, walirushiana maneno tangu jogoo la kwanza mpaka chakula cha jioni, majirani wakadhani hawapendani. Kumbe walikuwa wanapendana hivyo! Mume alipokufa, Bi Sikudhani akabaki na mdomo usio na mwenzake. Akiwachamba wakwe zake, wanainama, "Ndiyo, mama." Akimchamba mwanawe Kibwana, anainama, "Ndiyo, mama." Wanangu, hakuna kitu kinachochosha kama kumchamba mtu aliyeinama.

Asubuhi moja akaja chemchemini mwanamke kijana wa watu wa Chumvi, jina lake Kabula. Alikuwa ametoka kule ziwani na baba yake mzee, akimshika mkono njia nzima, na mzee huyo ndiye pekee aliyebaki nyumbani mwake. Kabula akatua mtungi, akanyoosha mkono achukue kata.

Bi Sikudhani akasema, "Wewe mtu wa Chumvi! Mmekausha ziwa lenu, sasa mmekuja kukausha na chemchemi yetu?"

Wanawake wote wakageuka kutazama. Walijua sasa huyu binti atainama.

Kabula hakuinama. Akasema, "Shikamoo, bibi. Ziwa letu lilikaushwa na jua. Hii yenu itakaushwa na uso wako."

Lo! Chura aliingiwa na maji puani. Wanawake wakabeba mitungi nusu nusu, wakakimbia. Bi Sikudhani akarudi nyumbani bila neno, akaunguza ugali.

Kibwana akauliza, "Mama, una nini?"

"Nyamaza, natafuta jibu."

Siku ya pili Bi Sikudhani akawahi chemchemini, maneno tayari mdomoni. "Nyinyi watu mnaolamba chumvi kama mbuzi!"

"Shikamoo, bibi. Ni kweli tunalamba. Na nyinyi mnachuja majivu ya jikoni mnatia kwenye mboga, ndiyo maana paka wenu hawana pa kulala."

Siku ya tatu Bi Sikudhani akaanza kabla binti hajafika hata kwenye jiwe. "Tazama shingo hiyo, ndefu kama ya korongo! Itakatika na mtungi huo!"

"Shikamoo, bibi. Ikikatika nitaazima yako. Kazi yake ni kubeba mdomo tu, itafurahi kupumzika."

Hapo Bi Sikudhani akageuka upande, akajifanya anakohoa. Alikuwa anacheka, jamani. Tangu amzike mumewe hakuwa amecheka, na kicheko kilimtoka kwa shida, kikakwama kwama.

Kuanzia siku hiyo hakukosa hata asubuhi moja. Mara akaacha fungu la mchicha juu ya jiwe. "Si lako," akamwambia Kabula, "limeniangukia." Kabula akalichukua. Kesho yake akaacha chumvi kidogo, kaifunga kwenye jani la mgomba. "Si yako, bibi. Nilikuwa naitupa." Bi Sikudhani akaenda akaitia kwenye mboga, akala, akatazama chungu, akakilamba. Hakumwambia mtu.

Lakini sikilizeni vizuri. Bi Sikudhani hakuwahi kuvuka ng'ambo. Hakujua Kabula analala wapi. Hakujua baba yake anaitwa nani. Mambo ya chemchemi yalibaki chemchemini, na kila mmoja akishika njia yake, milango ya kijiji ilifungwa vilevile.

Ikafika asubuhi Kabula hakuja. Bi Sikudhani akasubiri, jua likapanda. Akasema, "Mvivu huyo, amelala." Asubuhi ya pili hakuja. Akasema, "Ameniogopa." Lakini moyoni alijua yule hamwogopi mtu.

Asubuhi ya tatu ngoma ya Jumbe ikalia, watu wa Mtama wakakusanyika.

Jumbe Mloka akasema, "Ng'ambo kuna msiba. Mzee wao aliugua juzi, jana alfajiri akafa. Jua lilizama, hawajazika. Jua limechomoza, hawajazika. Hata shimo hawajachimba! Nani anaweka maiti ndani na kulala nayo?"

Maana kwa watu wa Mtama mtu akifa anazikwa kabla jua halijazama, hata kama mvua inanyesha mawe. Nyumba iliyolala na maiti ni nyumba ya uchawi. Basi wakatazamana, nywele zikawasimama.

"Wachawi!" akasema mmoja.

"Wanafuga maiti!" akasema wa pili.

"Watatukaushia mtama kama walivyokausha ziwa!" akasema wa tatu.

Jumbe akasema, "Jua likifika utosini, kila mwanamume aje na rungu. Leo wanahama."

Bi Sikudhani hakusubiri mkutano uishe. Akaenda chemchemini peke yake, akakaa kwenye jiwe, kata mkononi. Kwa hiyo huyo mzee ni baba yake yule binti? Au ni mjomba? Hakujua. Akaona aibu kwamba hajui.

Chura akatoa kichwa majini. "Bi Sikudhani, mbona hutukani leo?"

"Nimtukane nani? Wewe?"

"Mimi ngozi yangu mbaya, kila mtu ananitukana, sioni raha wala hasira. Nenda ukamtafute wako."

"Wakinifanyia uchawi?"

"Miezi yote hii umekula chumvi yake," akasema Chura. "Umeota mkia?" Akazama zake, akaimba chini ya maji:

Kwaru, kwaru, maji hayana mwenyewe!

— Kwaru, kwaru, yana mnywaji!

Bi Sikudhani akarudi nyumbani, akachukua jembe. Akamkuta Kibwana mlangoni anachonga rungu.

"Mama, tumekubaliana marungu. Jembe la nini?"

"La kuegemea. Chonga, chonga mwanangu, ulipochonga mwiko hukujitahidi hivyo."

Akavuka. Wanangu, ng'ambo ile haikuwa mbali. Ukirusha jiwe linafika. Lakini Bi Sikudhani alivuka hatua kwa hatua, anapapasa kwa mpini wa jembe, kana kwamba anavuka mto wenye mamba.

Akawakuta watu wa Chumvi wamekaa nje ya nyumba, duara, mikono juu ya magoti, hawasemi. Mzee yuko ndani, amefunikwa ngozi ya ng'ombe. Kabula amekaa kizingitini, anafukuza nzi kwa jani.

Bi Sikudhani akasimama mbele yake. Hakujua aanze na nini, akaanza na alichokizoea. "We Kabula! Siku zote hizi huji kuchota. Mnaoga mate?"

Kabula akainua macho. Akafungua mdomo ajibu. Jibu halikuja, kikaja kilio. "Baba yangu, bibi. Baba yangu."

Bi Sikudhani akatupa jembe, akakaa chini mavumbini, akamshika. Wakakaa hivyo mpaka kilio kikapungua.

Kisha akauliza taratibu, "Mwanangu, mbona hamumziki? Mnamweka wa nini?"

Kabula akafuta macho. "Kwetu mtu hazikwi na mkono wa nduguye. Mkono uliomlisha ukimfukia udongo, maiti anageuka anauliza, 'Mwanangu, umenichoka?' Hatuwezi, bibi. Anayechimba ni mtu wa nje, asiye damu moja. Kwetu tulikuwa na majirani upande wa pili wa ziwa. Wakifiwa wao, tunachimba sisi. Tukifiwa sisi, wanakuja hata kabla hatujawaita. Hapa sisi sote ni ukoo mmoja. Nani atachimba?"

"Mngesema!"

"Tuseme na nani, bibi? Tukipita mnafunga milango. Mimi ng'ambo ile namjua mtu mmoja tu. Naye..."

"Naye nini?"

"Naye kazi yake kunitukana."

Maneno hayo yalimfika Bi Sikudhani. Moyo ulimuuma, ulimuuma kweli. Akakumbuka alivyomzika mumewe: kijiji kizima kilikuja, huyu na jembe, huyu na maji, huyu na kuni, yeye akabakiwa na kazi moja tu ya kulia. Kulia nako ni bahati. Huyu binti hata kulia hakupata nafasi, alikuwa anafukuza nzi.

Akasimama, akaokota jembe. "Nionyesheni mahali."

Wakamwonyesha. Akafunga kanga kiunoni, akapiga jembe la kwanza, likagonga jiwe. La pili, jiwe. La tatu, jiwe tena. Mdomo wake haukuweza kuvumilia.

"Kabula, baba yako anaitwa nani?"

"Lugembe."

"Mzee Lugembe!" Bi Sikudhani akaelekeza sauti mlangoni. "Umetembea kutoka jua linakozama, umepita mchanga, umepita udongo laini, ukaona mahali pazuri pa kufia ni hapa penye mawe? Huna huruma na mgongo wa mwanamke?"

Watu wa Chumvi wakashtuka. Maiti anagombezwa! Wakamtazama Kabula. Kabula alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika, na hawakujua analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili. Halafu shangazi yao mmoja mzee sana akasema polepole, "Lakini ni kweli. Alikuwa mbishi tangu mtoto."

Na wengine wakacheka, na walipocheka ndipo machozi yakawatoka sawasawa. Wakalia kilio cha watu wenye mtu wa kuwachimbia.

Jua likafika utosini. Watu wa Mtama wakavuka na marungu, Jumbe Mloka mbele. Walitegemea kukuta wachawi. Wakamkuta Bi Sikudhani ndani ya shimo mpaka kiunoni, jasho linamtiririka.

"Bi Sikudhani!" Jumbe akaita. "Unafanya nini humo?"

"Napanda viazi! Huoni? Njoo ushike jembe, mgongo unaniuma."

"Toka humo. Tumekuja kuwahamisha wachawi."

Bi Sikudhani akaegemea jembe. Safari hii hakupaza sauti, na ndiyo maana wote walimsikia. Akawaeleza habari ya mkono wa ndugu, na habari ya majirani wa ziwani. Kisha akasema, "Hawa hawafugi maiti. Wanasubiri jirani. Wamesubiri jana kutwa, wamesubiri usiku, wamesubiri leo. Jirani mwenyewe ndiye wewe, Mloka. Umekuja na rungu."

Jumbe akatazama rungu lake kana kwamba mtu mwingine amemwekea mkononi. Kutoka chemchemini ikasikika sauti, na siku hiyo watu wa Mtama waliisikiliza:

Kwaru, kwaru, maji hayana mwenyewe!

— Kwaru, kwaru, yana mnywaji!

Wa kwanza kutupa rungu alikuwa Kibwana. Akaruka shimoni. "Mama, toka. Unachimba kama kuku."

"Mnasikia?" Bi Sikudhani akasema, na uso wake ukang'aa. "Leo ndiyo amejifunza kunijibu!"

Wa pili akatupa rungu, akaenda kuleta jembe. Wa tatu akatupa, akaenda kuchota maji ya wachimbaji. Halafu sikuwahesabu tena. Milango kule kijijini ikafunguliwa, wanawake wakavuka na mtama, na kuni, na watoto. Wakambeba Mzee Lugembe, mikono yote ya Mtama, hakuna hata mkono mmoja wa nduguye, na kila aliyemshika alimpa neno lake. "Mzee mzito huyu, amekula chumvi gunia zima!" "Shika vizuri, asije akashuka akatukimbia!"

Jumbe Mloka akamkaribia Kabula, anasafisha koo. "Na mimi niseme?"

"Sema, baba. Lakini liwe zuri."

Jumbe akafikiri. "Mzee Lugembe, si ungengoja mavuno? Tungekuzika tumeshiba."

Halikuwa zuri sana. Lakini Kabula alicheka, Jumbe naye akafuta macho yake kwa kisingizio cha vumbi. Jua lilipozama, mzee alikuwa amelala kwake.

Kabula akawaambia watu wa Mtama, "Siku mkifiwa nyinyi, msiguse jembe. Kaeni mlie. Sisi tutachimba."

"Na matusi?" akauliza Bi Sikudhani.

"Matusi tutaleta, bibi. Chumvi pia."

Na huo ndio utani, wanangu. Mtani anakutukana na hukasiriki, anachukua kuku wako na humshtaki, na siku ya msiba wako yeye ndiye anayeingia shimoni.

Miaka ikapita, masika kwa masika. Kila asubuhi wawili hao kwenye jiwe. Bi Sikudhani akazeeka, miguu ikakataa, ikawa Kabula anavuka na mtungi wa maji mpaka kitandani kwake, anatua, anasema, "Shikamoo, bibi. Bado hujafa? Shimo limechoka kungoja." Na bibi anajibu kutoka ndani ya shuka, "Nenda zako, korongo."

Siku ikafika hakujibu.

Watu wa Mtama hawakugusa jembe. Walikaa wakalia. Watu wa Chumvi wakaja, wakachimba, wakachamba, kijiji kizima kikacheka na machozi. Lakini walipomleta Bi Sikudhani kaburini, wakamkuta Kabula amelala ndani ya shimo, mikono chini ya kichwa, kama mtu aliyepanga chumba.

Kibwana akasema, "Kabula, toka tumweke mama."

"Sitoki. Nipeni kwanza changu, ada ya mtani."

"Unataka nini?"

"Nataka kata. Kata ya chemchemi aliyonikataza siku ya kwanza."

Wakakimbia wakaileta, ile ya kibuyu, imeshaingia ufa. Kabula akaipokea, akaiweka kifuani. Bado hakutoka. Akatazama juu, kwenye nyuso zote zile za Mtama na za Chumvi zilizochanganyika, akauliza,

"Sasa nani atanitukana mimi?"

Hakuna aliyecheka hapo. Kibwana, mtu mzima mwenye mvi, akapiga magoti ukingoni mwa kaburi, akampa mkono. Akasema, "Nitajaribu mimi. Toka humo, korongo, umemchafulia mama kitanda."

Kabula akacheka, akalia, akapokea mkono, akatoka. Wakamweka Bi Sikudhani. Na kabla ya udongo, Kabula akafungua jani la mgomba, akatia chumvi kidogo kaburini. "Si yako, bibi," akasema. "Nilikuwa naitupa."

Basi wanangu, mwenye kusikia asikie. Jirani usiyemjua ukimwacha ng'ambo, atakuwa mchawi kila siku. Vuka. Hata kama huna neno jema, vuka na baya, mtalitengeneza wawili. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi naongeza: mwenyeji naye aende, asingoje kufuatwa.

Mimi babu zangu ni wa Chumvi, na mume wangu mnamjua, wa Mtama, yule pale anasinzia anajifanya anasikiliza. Nimemtukana leo asubuhi. Bado namdai jibu.

Hadithi yangu nimeiacha juu ya jiwe la chemchemi. Ikiwa tamu, ilambeni. Ikiwa chapwa, tieni chumvi. Na kata ni ya nani?

— Ya mwenye kiu!

Haya, mkalale. Mwanshamba, mguu!